Mkongojo na Muhogo: Historia ya Ugonjwa wa Konzo

Tarehe 30 Mei ya kila mwaka nchi nyingi za ulimwengu huadhimisha siku ya ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Katika sekta ya Rwezamenyo, wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali, ambako Kiswahili husikika mitaani na madukani tangu enzi ya ukoloni, jina hilo halina kishindo. Wala si ajabu. Ugonjwa huo hupatikana kwa wingi katika nchi za baridi, kama zile za kaskazini ya Ulaya na Kanada, na hupungua kadiri mtu aikaribiapo ikweta. Na Kigali iko karibu digrii 2 tu kusini ya mstari huo. Lakini swali lililowashughulisha wachunguzi wa ugonjwa huo kwa zaidi ya karne moja, yaani kujua kama maradhi yaliyomlemaza mtu bado yanaendelea kumla au yamekwisha kusimama, ni swali ambalo Afrika ya Mashariki na ya Kati nayo imelazimika kulijibu, kwa ugonjwa wake yenyewe na kwa gharama kubwa. Ugonjwa huo ni konzo. Chanzo chake kimo katika zao lile lile litoalo unga unaosongwa kila jioni katika majiko ya Rwezamenyo, nao ni muhogo.

Yafaa kwanza kuutazama ugonjwa wa nchi za baridi, kwa kuwa bila huo maana ya konzo haionekani sawasawa. Katika maltipo sklerosisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuishambulia ngozi laini inayoifunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, mfano wa panya watafunao ganda la waya wa umeme. Amri itokayo ubongoni kwenda miguuni hupotea njiani. Mgonjwa huona ukungu machoni, au husikia ganzi mikononi, au miguu hukataa kumtii. Mara nyingi hupata nafuu, kisha baada ya miezi au miaka hupigwa tena, na kila apigwapo huweza kubakiwa na upungufu ambao hautoki. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliueleza waziwazi mwaka 1868. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari waliujua jina, wakazijua dalili, lakini hawakuwa na la kufanya.

Ugumu mmoja ulikuwa katika kupima. Ugonjwa unaokuja na kupungua wenyewe humdanganya mgonjwa, na humdanganya daktari zaidi, kwa maana dawa yoyote itolewayo wakati nafuu inakaribia kuja yenyewe huonekana kuwa dawa ya ajabu. Katika miaka ya 1950 dawa ya kifua kikuu, isoniazidi, ilijaribiwa huko Marekani kwa askari wa zamani waliokuwa na maradhi haya, na mwanzoni ikadhaniwa kwamba inawafaa. Ni katika shughuli hiyo ndipo daktari John Kurtzke alipotunga kipimo cha ulemavu, kilichochapishwa mwaka 1955 na kupanuliwa mwaka 1983. Jaribio kubwa zaidi, lililowalinganisha waliopewa dawa na wasiopewa, lilionyesha kwamba isoniazidi haikuwa na faida yoyote kwa ugonjwa huo. Dawa ikaachwa, kipimo kikabaki.

Kipimo cha Kurtzke huanzia 0, yaani mtu asiye na dosari, hadi 10, yaani aliyekufa kwa ugonjwa. Pale katikati, hasa kuanzia 4 kwenda juu, hakina siri kubwa: daktari humtazama mgonjwa anavyotembea. Akihitaji mkongojo mmoja ili aende kiasi cha meta 100, yuko kwenye 6. Akihitaji mikongojo miwili, yuko kwenye 6 na nusu. Akishindwa hata kwa msaada huo na kutegemea kiti cha magurudumu, amefika 7. Kipimo hicho kimelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki, kwa sababu husahau mikono, husahau uchovu, na husahau akili. Hata hivyo majaribio ya dawa yalihitaji lugha moja ya kuhesabia, na lugha hiyo ilipatikana katika mkongojo. Kwa njia hiyo dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulizi iliweza kupitishwa Marekani mwaka 1993, na mwaka 2017 ikapitishwa ya kwanza kwa wale ambao ugonjwa wao husonga mbele tangu mwanzo bila mapumziko. Dawa tatu za maradhi haya ziliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima.

Katika Afrika mkongojo ulihesabiwa kwa sababu nyingine.

Katika miaka ya 1930, huko Kwango, kusini-magharibi ya Kongo ya Kibelgiji, waganga wa serikali walikutana na watu waliolemaa miguu kwa ghafla. Wayaka wa huko walikwisha kuupa ugonjwa huo jina: konzo, yaani miguu iliyofungwa, jina la hirizi iliyotumiwa na wawindaji ili kulegeza magoti ya mnyama. Daktari Giovanni Trolli, Mwitalia aliyeitumikia serikali ya koloni hilo, aliuandikia taarifa mwaka 1938. Jina la Wayaka lilikuwa na uchunguzi mzuri ndani yake kuliko maneno mengi ya kitabibu. Mtu wa konzo miguu yake hukakamaa, magoti hukaribiana, visigino hunyanyuka, naye huenda kwa vidole huku mguu mmoja ukipita mbele ya mwenzake kama mkasi. Huonekana kweli kama aliyefungwa kamba. Baada ya Trolli habari hiyo ilikaa katika maktaba za Ulaya, na ulimwengu wa utabibu ukaisahau kwa zaidi ya miaka 40.

Ikarudi kwa kishindo mwaka 1981 katika mkoa wa Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Mvua ilikuwa imekosekana, mazao mengine yamekufa, na watu walikuwa wakila muhogo mchungu asubuhi na jioni. Katika nusu ya pili ya mwaka huo akina mama na watoto wakaanza kuanguka. Walilala wazima wakaamka hawawezi kusimama. Wengine walishikwa njiani, baada ya mwendo mrefu au kazi nzito. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Hesabu ilipokamilika ilionekana kwamba watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamelemaa.

Hofu ya kwanza ilikuwa ya maambukizo. Polio ilikuwa ikijulikana, na nchi ilikuwa katika hali ya vita na jirani wa kusini, hata silaha ya sumu ikashukiwa. Daktari wa Kiswidi Hans Rosling, aliyekuwa mganga wa wilaya katika bandari ya Nacala, alisimulia baadaye, katika kitabu kilichotolewa mwaka 2018 baada ya kifo chake, mkasa mmoja wa siku hizo. Kiongozi wa mji alimwuliza kama barabara ifungwe ili maradhi yasiingie mjini, naye hakumkataza. Barabara ikafungwa kwa askari. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni na watoto wao, basi lao lilipozuiwa, waliwaomba wavuvi wawapitishe baharini. Mtumbwi ukapinduka, wakafa maji. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kuambukiza. Rosling hakuificha habari hiyo, na ni vema hakuificha, maana inaonyesha kwamba kuukosea ugonjwa tabia yake huweza kuua hata watu ambao ugonjwa wenyewe haukuwagusa.

Tabia hiyo ilijulikanaje? Kwa kuuliza na kutazama. Polio huacha mguu mlegevu, mwembamba, usio na nguvu. Goti likigongwa kwa nyundo ndogo ya daktari, halijibu. Katika Nampula goti liliruka kwa nguvu kupita kawaida, na misuli ilikuwa migumu kama gogo. Hiyo ilikuwa ishara kwamba mishipa ya mguu wenyewe i mizima, na kwamba kilichoharibika ni ile mishipa ya juu iletayo amri kutoka ubongoni. Polio huwashika hasa watoto wadogo. Huku walioshikwa zaidi walikuwa watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake wenye umri wa kuzaa. Anyonyaye alikuwa salama, na wanaume wazima waliopatwa walikuwa wachache. Na mwisho, jambo kubwa kuliko yote: mgonjwa alipoulizwa ni lini, alijua. Aliitaja siku. Na alipoulizwa kama hali yake imezidi kuwa mbaya tangu siku ile, alijibu hapana. Wengine hata walisema wamepata nafuu kidogo.

Jibu hilo la mwisho lina uzito ambao kwa haraka hauonekani. Ugonjwa unaosonga mbele una chanzo kilicho hai ndani ya mwili, kinachoendelea na kazi yake. Ugonjwa uliopiga mara moja ukasimama una chanzo kilichokuja kikaondoka, kama mafuriko yaliyobomoa daraja. Daraja halijijengi lenyewe, lakini mto umekwisha kurudi mahali pake. Basi mchunguzi wa konzo hakuhitaji kumtafuta adui ndani ya damu ya mgonjwa miaka mitatu baadaye. Alihitaji kujua nini kilipita katika nyumba ile katika majuma yale kabla ya siku iliyotajwa. Na katika majuma yale, nyumba baada ya nyumba, kilichopita ni njaa na muhogo usioandaliwa vya kutosha. Timu iliyokuwa na Rosling na Julie Cliff, daktari kutoka Australia aliyefanya kazi katika Wizara ya Afya ya Msumbiji, ilikuta katika miili ya watu hao dalili za sumu ya sianidi kwa kiwango kikubwa.

Mwaka 1985 ikaja zamu ya Tanzania, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, upande wa Shirati ambao leo umo katika wilaya ya Rorya. Huko pia ukame ulikuwa umepita. Daktari William Howlett, aliyekuwa bingwa wa mishipa ya fahamu nchini humo, daktari Glen Brubaker wa Shirati, na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na Rosling, waliwachunguza wagonjwa mmoja mmoja na kuchapisha taarifa yao mwaka 1990. Wakati huo swali jipya lilikuwa limezuka. Mwaka 1985 ilikuwa imegunduliwa huko Martinique kwamba virusi viitwavyo HTLV-1 huweza kukakamaza miguu ya watu, na katika Zaire pia kulikuwa na wasiwasi kwamba huenda konzo ni kazi ya virusi vya namna hiyo. Damu ikapimwa, virusi hivyo havikuonekana kuwa ndivyo chanzo. Lakini hata kabla ya maabara kusema neno, mwendo wa ugonjwa ulikuwa umekwisha kutoa ushahidi. Ugonjwa wa virusi hivyo hutambaa polepole, mwaka hadi mwaka, kama kutu. Konzo haitambai. Katika wachache huweza kupiga mara ya pili, kwa ghafla kama ile ya kwanza, pale sumu irudipo. Lakini kati ya pigo na pigo imetulia.

Hapa yafaa kuutetea muhogo mchungu, maana si haki kuuhukumu bila kusikiliza upande wake. Ndani ya mzizi kuna kitu kiitwacho linamarini, ambacho muhogo ukikatwa au kupondwa hutoa sianidi. Sumu hiyo ndiyo ilinzi wa shamba: nguruwe mwitu, nyani, na hata mwizi wa usiku, hupita kando. Muhogo huo hukubali ardhi iliyochoka na hungoja ardhini mpaka mwenyewe auhitaji. Wanawake wa Afrika waliujua tangu zamani na kuutawala, kwa kuumenya, kuuloweka siku tatu au zaidi, au kuuvundika ukaota ukungu, kuuanika, kisha kuutwanga. Kila hatua huitoa sehemu ya sumu. Kiasi kidogo kinachosalia mwili hukimaliza wenyewe, mradi upate salfa itokayo katika vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, nyama, mayai na maharage. Salfa hiyo huigeuza sianidi kuwa thiosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo konzo hutaka mambo mawili yakutane, muhogo ulioandaliwa kwa haraka na sahani isiyo na kitoweo. Moja peke yake mara nyingi halitoshi. Ni njaa ndiyo inayoyakutanisha, kwa sababu mwenye njaa hawezi kungoja siku tatu, na mwenye njaa ndiye huyo huyo asiye na samaki.

Hata njaa si lazima iwe ya ukame. Katika Bandundu, huko Zaire, daktari wa Kiswidi Thorkild Tylleskär na wenzake wa Kizaire waliochunguza mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuta konzo mahali ambapo mvua haikuwa imekosekana. Kilichokuwa kimebadilika ni barabara. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta malori, malori yalileta wanunuzi, na mnunuzi alitaka mzigo leo. Muhogo uliokuwa ukilowekwa siku tatu ukawa unatolewa majini baada ya siku moja. Na mahali maji yalipokuwa mbali, mwanamke alikuwa na sababu nyingine ya kufupisha kazi. Hivyo mji mkuu ulikula, fedha kidogo ikaingia kijijini, na miguu ya watoto ikalipa tofauti iliyobaki. Tofauti kati ya kijiji chenye konzo na kijiji jirani kisicho nayo ilionekana katika mkojo wa watu wake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992. Katika Tanzania ya kusini, kwenye wilaya ya Masasi, Mlingi naye alikuta unga wa haraka uitwao chinyanya, unaopatikana kwa kutwanga na kuanika mara kadhaa katika siku moja. Watu waliuona kuwa mbaya, na waliujua kuwa mbaya. Wakaula kwa kuwa ghala lilikuwa tupu.

Wagonjwa wawili wa Zaire walipelekwa hadi Sweden na kuchunguzwa kwa mashine ya sumaku ipigayo picha ndani ya mwili, na taarifa yao ikatolewa mwaka 1993. Katika maltipo sklerosisi mashine hiyo huonyesha makovu katika ubongo na uti wa mgongo, na wingi wake humsaidia daktari kujua ugonjwa unakwenda wapi. Katika watu hawa wawili, waliolemaa vibaya, picha zilikuwa safi. Lakini ubongo ulipochochewa ili upeleke amri misulini, amri haikufika. Mishipa ilikuwapo kwa umbo. Kazi yake ilikuwa imekufa.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya kuitambulisha konzo, nayo ni mafupi kiasi kwamba mganga wa zahanati isiyo na umeme anaweza kuyatumia. Mgonjwa awe na mwendo wa kukakamaa unaoonekana kwa miguu yote miwili. Awe alikuwa mzima, akashikwa katika muda usiozidi juma moja, na tangu hapo hali isisonge mbele. Magoti au vifundo viruke kupita kawaida vigongwapo, wala pasiwe na dalili ya ugonjwa wa mgongo wenyewe. Kisha ulemavu hugawanywa kwa daraja tatu: atembeaye bila msaada, atembeaye kwa mkongojo mmoja au miwili, na asiyeweza kutembea kabisa. Kurtzke aliyehesabu mikongojo ya askari wa zamani wa Marekani, na wachunguzi waliohesabu ya akina mama wa Nampula na Tarime, walifikia chombo kimoja. Tofauti ni kwamba yule wa Marekani humtazama mtu yule yule mwaka hadi mwaka akihofia namba kupanda. Katika konzo namba ya mtu mmoja kwa kawaida haipandi. Inayopanda ni idadi ya watu kijijini.

Na imeendelea kupanda kila mahali amani ilipovunjika. Mwaka 1992 na 1993 konzo ilirudi Nampula, safari hii pamoja na vita, kwa watu waliokimbia mashamba yao na kula kilichopatikana. Baadaye ikaandikwa kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kameruni na Angola, na ikarudi Tanzania ya kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa msomaji wa Rwezamenyo habari iliyo karibu zaidi ni ya mwaka 2011, wakati watafiti walipoeleza kuonekana kwa konzo katika Burhinyi, wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini, katika nchi iliyoraruliwa na vita. Kutoka Rusizi hadi Bukavu ni kuvuka daraja tu, na Burhinyi ni milimani upande ule.

Rwanda yenyewe haimo katika orodha ya nchi ambako milipuko ya konzo imeandikwa. Sababu moja iliyo wazi kwa yeyote ajuaye jiko la Kinyarwanda ni maharage, ambayo hayakosi kandokando ya ugali. Nyingine ni desturi ya kuloweka muhogo kabla ya kuuanika. Lakini muhogo wa Rwanda nao umewahi kutikisika. Mwaka 2012 kiwanda cha unga cha Kinazi kilifunguliwa katika wilaya ya Ruhango, na miaka miwili tu baadaye, mwaka 2014, ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliiozesha mizizi mashambani, hasa katika wilaya hiyo hiyo. Unga ukapanda bei mijini. Majira ya namna hiyo, ya upungufu na haraka, ndiyo yaliyotangulia konzo mahali pengine. Nchi ina zahanati na washauri wa afya vijijini wanaojua nyumba zote za mlimani, na kwa walemavu ina kituo cha Gatagara, kilichoanzishwa mwaka 1960 na padri Joseph Fraipont Ndagijimana, ambako wengi wamejifunza kusimama tena kwa viatu na vyuma. Swali la lini ulishikwa, na je, umezidi tangu hapo, halihitaji mashine.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeongeza jambo zito. Huko Kahemba, katika Kwango ile ile ya Trolli, daktari Mkongo Désiré Tshala-Katumbay na wenzake walipima akili na wepesi wa mikono ya watoto, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Watoto wenye konzo walikuwa nyuma, jambo lililotazamiwa. Lakini ndugu na jirani zao waliokula sahani ile ile, ambao miguu yao ilikuwa mizima kabisa, nao walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisicho na konzo. Kumbe mkongojo uliwaonyesha wale tu walioumizwa zaidi. Wale wengine walikuwa wakikimbia na kucheza, na hakuna daktari aliyewahesabu.

Kinga yenyewe ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Mwanakemia Howard Bradbury wa Australia aliijaribu pamoja na akina mama wa Msumbiji tangu katikati ya miaka ya 2000. Unga ulio tayari huloweshwa maji, hutandazwa juu ya mkeka au beseni kwa unene usiozidi sentimeta moja, na kuachwa kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi ikatoka hewani. Kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Haihitaji kununua kitu. Katika kijiji cha Kay Kalenge, wilaya ya Popokabaka nchini Kongo, akina mama walifundishwa njia hiyo mwaka 2010, na katika mwaka na nusu uliofuatiliwa hapakutokea mgonjwa mpya hata mmoja. Kutoka kijiji hicho ilipelekwa kwa vingine vya Kwango. Hata hivyo vijiji ni vingi na njia ni mbaya, na Kahemba mpaka miaka ya karibuni imeendelea kutoa wagonjwa.

Waliokwisha kupigwa hali yao ni nyingine. Wengine wamepasuliwa na kurefushwa mishipa ya visigino ili nyayo zikanyage chini. Wengine wamepewa baiskeli za magurudumu matatu, au mikongojo iliyo bora kuliko ya kuchonga nyumbani. Konzo haiui kwa yenyewe. Mtoto wa miaka sita aliyeanguka Nampula mwaka 1981, kama yu hai, ana umri wa kuwa na wajukuu, na kwa kuwa ugonjwa wake haukusonga mbele hatua moja tangu asubuhi ile, angali anatembea kwa vidole vile vile.